Mabano ya Jumamosi

Jumamosi, 7 Juni
Uji, vidonge, kompyuta. Ripoti inasogea: maelezo ya ntumba, yaani matuta yetu ya duara, pamoja na msimbo wa kukokotoa mavuno, vyote katika faili moja. Nikiliendesha, hesabu inafanyika na grafu inajichora katikati ya maneno yangu. Marehemu mke wangu alifukia majani chini, maharage yakaota juu. Faili hili nalo ni hivyo: msimbo chini, grafu juu.

Leo liligoma. Binti yangu Skola akaja na bodaboda kutoka Pito. Nilisahau kufunga mabano kwenye msimbo; yakikosekana, mashine haisomi. Akayafunga, akanipikia, akanicheka: "Bwana shamba mzima, unaparua kama kuku!"

Alhamisi, 12 Juni
Baridi. Upepo unapiga bati. Ripoti imekubali mwanzo hadi mwisho. Nilipaswa kufurahi. Niliogopa. Skola ana wanafunzi, ana watoto, ana shamba. Kumwomba aje kunitazama tu, siwezi. Kumwomba anirekebishie msimbo, naweza.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefuta mabano mawili.

Jumamosi, 14 Juni
Amekuja. Kaleta dagaa wa Kirando. Siku nzuri.

Jumatano, 18 Juni
Padre amenipaka mafuta ya wagonjwa. Nimeungama yote isipokuwa mabano. Basi naungama hapa. Nataka wakulima waisome ripoti nikiwa hai, na pumzi inapungua. Anayeichelewesha ni mimi. Nataka ripoti, namtaka na mwanangu. Naona aibu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimefuta tena.

Jumamosi, 21 Juni
Skola alitazama kioo cha kompyuta, hakugusa kitu.
"Baba, mabano hayatoroki yenyewe. Wiki iliyopita niliacha faili likiwa zima. Nakala ninayo."
Nililia mbele ya mwanangu. Hakunikaripia. Alivuta kompyuta, akaandika kidogo, akaifunga, akaenda kusonga ugali wa ulezi. Tulikula pamoja. Nilimaliza sahani.

Jumapili, 22 Juni
Jua kidogo dirishani. Nimeendesha ripoti. Imekubali yote, grafu iko mahali pake. Kesho itakwenda kwa wakulima.

Ndani ya msimbo, chini ya hesabu za shamba la mama yake Skola, kuna mstari mpya unaoanza na alama ya reli. Mstari wa namna hiyo mashine huuruka. Ni wa kusomwa na mtu tu.

# Baba, hata ikikubali, Jumamosi nakuja.

Sikufuta kitu.