Kamba Yako Imesomwa Kasese

Kasese, Jumamosi

Mama yangu mpenzi,

Huku joto ni kali, na milima imejificha mawinguni tangu nifike kutoka Bwera. Jana nilikula samaki wa ziwani, wa Kahendero, nikakumbuka unavyopenda kichwa.

Serikali ilituita mafundi wenye vibanda tukutane na walimu wa chuo cha ufundi. Nilidhani wanagawa kazi ya kushona yunifomu za shule, kwa hiyo nilibeba kamba zangu za vipimo, kila mteja na yake. Kumbe walitaka kujua wafanyakazi wetu wafundishwe nini. Mwalimu wa ushonaji, mama mmoja mpole, akashika ile iliyochakaa kuliko zote.

“Hii ni ya nani?”

“Hii iko ya mama yangu. Fundo hii bega, hii kiuno. Nilikimbia nayo kutoka Butembo wakati wa vita.”

“Na wewe ukiugua, nani atasoma hii mafundo?”

Hata Biira, msichana ninayeshona naye mwaka wa nne huu, hajui. Sikumwonyesha kwa sababu niliogopa atafungua kibanda chake. Leo nimemwandikisha chuoni, na nikirudi nitamfundisha mafundo pia.

Mwalimu aliipima kamba yako kwa futi, akaniandikia namba. Sasa fundi yeyote wa huko Butembo anaweza kukushonea gauni, lakini nitakushonea mimi, kwa kamba.

Mungu akutunze. Kama umekonda, usiniambie. Gauni nitalipunguza siku tutakayoonana.

Mwanao,
Kabugho