Mashimo Uliyotuonyesha, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa kuwa ndivyo ulivyonilea, si kwa kuwa moyo wangu umekunjuka. Mwaka umepita tangu tukuzike, na hili bado limenikaa kooni.

Unawakumbuka wale watafiti wa mambo ya kale waliokuja Malindi mwanzoni mwa miaka hii ya themanini? Kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu kilikuwa kimeshanunuliwa na tajiri mmoja ajenge hoteli, nao wakapewa wiki tatu wachunguze kilichomo ardhini. Wakikuta mji wa zamani, hoteli haijengwi. Mimi nilipata kibarua cha kuchekecha mchanga, na nilivyojigamba! "Muulizeni baba," niliwaambia. "Ni fundi wa chokaa, hakuna ukuta wa mtaa huu asioujua."

Ukaja na kanzu yako safi, ukagonga chini kwa bakora upande wa baharini. "Chimbani hapa, wanangu. Hapa ndipo zilipokuwa nyumba za wazee wetu."

Tukachimba mashimo matatu. Nilichekecha mpaka viganja vikachubuka, nikapata vifuu vya nazi, mikebe na kandambili mbovu. Kila jioni mama akinidaka mlangoni: "Je, mumeona kitu?" Mimi na wewe tulijua anauliza nini. Upande wa pili wa kiwanja, vichakani, ndiko ulikomzika mdogo wangu aliyezaliwa hana uhai, na mama alikuwa akipafagia kila Ijumaa. Kaburi la kichanga lisilo na alama lisingemzuia tajiri. Magofu yangemzuia.

Watafiti wakaandika kwamba hapana kitu, wakaenda zao. Tingatinga likaingia vichakani, na halikufika mbali likafukua ukuta wa matumbawe, vidaka vyake vya kuwekea taa vizima, na kando yake kisima. Nilipiga kelele dereva asimame. Nani anisikilize? Nikakugeukia wewe. Hukushtuka, Baba. Ulikuwa ukiutazama ukuta ule kama mtu anayetazama mlango wa kwake.

Wiki ile ile ukawa msimamizi wa mafundi wa hoteli. Nilipokuuliza kama ulijua tangu mwanzo, hukukana. "Mungekula nini?" ukasema, ukaendelea kunywa uji wako.

Njaa naijua, ningekuelewa. Lakini uliniacha nichambue taka wiki tatu, nirudi nyumbani na mikono inavuja damu kumpa mama matumaini ambayo wewe ulishayazika. Watafiti waliniamini mimi, nami nilikuamini wewe.

Mama yungali anafikiri ulikosea mahali kwa uzee. Kila akikuombea dua huniambia, "Baba yako alijitahidi sana kumnusuru mdogo wako." Nami humjibu, "Naam, mama." Umenifanya mwongo mwenzako kwa mama yangu mzazi.

Mola akusamehe Yeye. Mimi bado.

Ni mimi,
kifungua mimba wako