Gari Uliloniuliza

Kaka yangu,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini karatasi hii inakufikia ukiwa mzima, mgongo umepoa, na wifi yangu na watoto hawajambo. Yule wa mwisho bado anakohoa? Mwambie wifi asimpe vinywaji vya baridi, ingawa najua wifi atasema mimi najifanya daktari. Huku kwetu tu wazima wa mwili. Binti yangu ameng'oka meno ya mbele na sasa akicheka anaziba mdomo kama bibi harusi.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi, tena kutoka kwangu, mtu ambaye hata kadi ya pole huwa natuma kwa simu. Nimeona simu haitafaa. Wewe ukishaanza kuongea, mwenzako anabaki kuitikia tu, na mimi safari hii nataka nimalize.

Jana jioni ulinitumia ujumbe kwamba umekuja hadi kwangu na gari hukuliona, kwamba foleni imeniponza, na kwamba nikuandikie basi, niseme kama ni gari la kuendea kazini kila siku au ni pambo la getini. Nitakujibu swali lako kwanza, maana ndiyo kazi yangu. Halafu nina neno langu.

Gazeti lilinipa gari hili nikae nalo kama la kwangu. Wenye duka la magari walitaka tuandike jinsi linavyokimbia kwenye barabara kuu. Mhariri akasema hapana, wanaokimbia ni wachache, tuambie mtu ataishi nalo vipi. Kwa hiyo nimelipeleka sokoni, shuleni, kazini na kliniki. Nimelipitisha kwenye ile njia yetu ya mashimo nyuma ya kiwanda cha mabati. Nimelilaza nje kwenye mvua.

Kwa sura, kaka, hujakosea kulipenda. Ni la chini, limelala kama paka aliyeona ndege, na viti vyake vya ngozi vinakushika mbavu ukikata kona. Lina injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, na betri yake unaichaji kwa waya ukutani kama unavyochaji simu. Ukiwa na chaji unatoka nyumbani bila petroli hata tone. Nimekwenda kazini na kurudi wiki nzima na mshale wa tangi haukusogea. Ukitaka mbio, unabonyeza kitufe karibu na gia, injini inaamka, na shingo yako inabaki ulikotoka.

Kwenye umeme halina sauti kabisa. Jirani yetu mwalimu mstaafu nilimpa lifti kwenda kliniki, akafunga mkanda, akakaa, tukafika njia panda ndipo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si uwashe basi twende?" Nilicheka nikapitiliza kona. Mlinzi wa ofisini hakucheka. Aliruka pembeni karibu aangushe chai yake, akaniambia gari gani hili linamnyatia mtu kama mwizi.

Sasa ubaya wake. Betri imekula nafasi ya buti. Mtungi wa gesi ukiingia, kapu la soko halina pa kukaa, nikampakatisha binti yangu kabichi. Matuta ya barabarani yanalikwaruza tumbo usipoyapanda upande upande. Mtu mwenye magoti mabovu akikaa nyuma, kumtoa ni kazi ya watu wawili. Breki zake zina tabia ya kukamata kidogo, halafu ghafla sana, mpaka mguu uzizoee. Na chaji ikiisha, unabaki umebeba betri nzito ya bure, na petroli linainywa kuliko gari lako la sasa. Kwako wewe, mwenye kuegesha barabarani na umeme unaokatika kila mvua ikinyesha, utakuwa umenunua nusu ya gari. Ungekuwa na banda lenye soketi, ningekwambia nunua na ufurahi.

Hayo ndiyo maoni yangu, na ni ya kweli. Nataka ujue kwamba nimeyaandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, na bado sikukudanganya hata kuhusu breki.

Kaka, jana sikuwa kwenye foleni.

Nilikuwa nimetoka sokoni. Nilijua umekuja, viatu vyako niliviona mlangoni. Nililiingiza gari uani na kulisimamisha pembeni, chini ya dirisha la sebule, kwa sababu soketi ya kuchajia iko pale. Nilikuwa na furaha. Nilitaka nikuchezee, nipige honi mruke. Nikawa nasoma kwanza kiasi cha chaji kilichobaki ili niandike kwa ajili ya kazi, vioo vikiwa wazi. Nanyi hamkunisikia.

Nilikusikia wewe ukimwambia mume wangu kwamba kila ukiniona na gari jipya unamkumbuka baba, mzee wetu, na huwezi kunitazama usoni. Ukasema wiki zake za mwisho alikuwa na neno moja tu, jina langu, Gia, Gia, Gia. Ukasema, nakumbuka kila neno, "Mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, halafu ananiuliza mimi, Gia kafika? Nikamwambia Gia hataki kuja. Na Gia nikamwambia mzee hataki aje."

Nikangoja mume wangu aruke. Nikangoja asimame, akushike shati, akuulize unasema nini wewe. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, si tulikubaliana hilo tulizike? Akijua, hatakusamehe wewe, na mimi hatanisamehe kwa kunyamaza."

Nililirudisha gari nyuma, nikatoka getini, na hamkujua kwamba niliwahi kuingia. Mume wangu alipopiga simu nikasema nimekwama njiani. Nanyi mkala.

Nilikuwa naendesha bila kujua ninakokwenda. Chaji ikaisha kwenye mlima wa kutokea mjini, injini ikawaka yenyewe kwa kishindo, nikapiga ukelele kama mtu aliyeguswa begani gizani, na jua lilikuwa bado linawaka. Hapo ndipo nilipoanza kulia. Nilisimama pembeni ya barabara nikalia hadi dereva wa lori akashuka kuniuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia gari ni zima.

Nilikwenda kwa shangazi. Nilijiambia kwamba huenda nimesikia nusu, kwamba huenda ulikuwa umechoka ukajisemea tu. Nilitaka mtu aniambie nimekosea, na shangazi ndiye aliyekuwa akija kumwona mzee kila mchana.

Unajua shangazi na mimi hatujaongea tangu msiba. Siku ile nilimpa mkono akauacha hewani. Nilidhani ni kwa sababu naye, kama mzee, alikuwa hajanisamehe kuacha kazi ya benki. Kwa sababu mzee aliniambia maneno mazito siku niliyoiacha, hilo ni kweli. Alisema hakuendesha lori usiku na mchana ili mwanawe awe anazungusha magari ya watu kwa gazeti. Nami nikaondoka bila kuaga. Kwa hiyo uliponipigia kwamba mzee kaanguka, na kwamba kasema nisikanyage pale, nitampandisha presha, nilikuamini. Nilikuwa nimeshafunga begi, kaka. Nilikupigia tena kesho yake nikakuomba unishikie simu sikioni mwake nimsalimie tu, ukasema umejaribu, amegeuka ukutani.

Nikakuamini kwa sababu ni wewe. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nilipokanyaga msumari. Katika nyumba yetu nzima aliyekuwa hasemi uongo hata wa kujiokoa na fimbo ni wewe.

Shangazi alinifungulia mlango akanitazama kama ninauza miswaki. Nilimwambia sijaja kukaa, nina swali moja. Nikamwuliza kama baba alikataa kuniona. Alikuwa na bakuli la mchele mkononi anachambua, akaliweka chini. Akasema, "Nani alikataa?"

Kisha akanieleza, taratibu, huku akinitazama kama anayesoma bei ya kitu asichokiamini. Kwamba mzee aliomba kitanda kihamishwe kikae dirishani. Wewe ulikihamisha mwenyewe. Kwamba kila gari lililopita alikuwa anataja aina yake kwa mlio, na kusema siyo, huyo siye, Gia haendeshi hivyo. Kwamba alimwambia shangazi alikosea kunisema, kwamba mtoto anayejua gari kama vile angemweka wapi, nyuma ya kaunta? Kwamba siku moja alikuta gazeti lenye makala yangu, akalisoma kwa sauti kwa kila aliyekuja kumjulia hali, hadi watu wakachoka. Nawe ulimwambia shangazi umenipigia, nimesema nina safari za kazi, mzee asinisubiri. Nikamwuliza, "Mbona hukunipigia mwenyewe, shangazi?" Akasema, "Mtoto asiyetaka kumwona baba yake, mimi nimbembeleze?"

Tulikaa pale sakafuni, yeye na mimi, tukalia pamoja kilio ambacho tulipaswa kukilia mwaka jana.

Mume wangu nimempigia asubuhi hii. Hakubisha. Alisema ulimwambia wakati wa msiba, ukiwa umemwangukia kifuani, na aliona yaliyopita yamepita, kuniambia ni kuniua mara ya pili. Nikamwuliza, "Uliwasikia wakinisema siku ya mazishi, na ukakaa kimya?" Kwa sababu unakumbuka, kaka, baba mdogo alivyosimama mbele ya watu wote akasema wengine hawajui njia ya kuja kuuguza, wanajua ya kuja kuzika. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nikainamisha kichwa, nikidhani naficha aibu ya baba, kwamba alimkataa mwanawe hadi kaburini. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulinishika mkono, kaka. Mkono huo huo. Hilo ndilo ninalolirudia tangu jana, na kila nikilirudia nafuta vidole vyangu kwenye gauni.

Sitasema hukuteseka. Najua ulimlea peke yako. Najua kumwosha mtu mzima, kumlisha, kuamka naye, halafu akakutazama usoni akamwulizia mwingine, kunauma mahali ambapo hapana dawa. Ungenipigia ukaniambia, Gia, nimechoka, na mzee hanioni, anakuona wewe tu, njoo unipokee, ningekuja siku hiyo hiyo, ningemwambia mzee mbele yako ni nani anayembeba. Hukunipa nafasi hiyo. Uliamua kwamba kama hupewi wewe, basi nisipewe mimi, na yeye naye asipewe. Mimi na wewe tutaendelea kuishi, tutagombana, labda tutapatana. Yeye alikufa akidhani sikutaka kuja.

Sitaki uniombe radhi kwa simu, na usije nyumbani kwangu. Nataka jambo moja. Mwite baba mdogo na wale wote waliokuwa msibani, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe ulimwambia nini mzee na uliniambia nini mimi. Sitakuwepo. Sitaki kuona uso wako ukisema. Nataka tu siku nyingine nikiingia kwenye nyumba yenye watu wetu, asiwepo wa kugeuka kunitazama. Usipofanya hivyo kufikia mwisho wa mwezi, nitakwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na sitapunguza neno.

Mume wangu nimemwambia nitakaa huku kwa shangazi kwa muda na binti yangu, atamleta shule zikifungwa. Tutakavyokuwa baada ya hapo sijui. Gari nalirudisha kesho kwa wenyewe, na makala yangu nitaandika kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza wala kuongeza.

Barua hii nitaituma kwa basi la asubuhi, konda ananifahamu. Nisalimie wifi, mwambie simlaumu, kwa kuwa sidhani kama alijua. Wabusu watoto, hasa huyo mwenye kikohozi. Jirani yetu mwalimu anakusalimu, anauliza utakuja lini mmalizie ule mchezo wenu wa drafti. Binti yangu anakusalimu pia, yeye hajui lolote na anakuita mjomba wake wa kwanza.

Shangazi yuko hapa mezani, ananitazama ninavyoandika. Nimemwuliza kama ana salamu za kukuletea. Amesema hana.

Ni mimi mdogo wako,
Gia