Jogoo wa Mashine ya Oksijeni

Jumatatu, asubuhi mapema

Kosa la wengi ni kudhani kwamba ukinunua jogoo kwenye harambee ya kanisani, jogoo ni wako. Si wako. Unalipa, unapigiwa makofi, unamrudisha mezani, anauzwa tena. Kwa utaratibu huo, jogoo mmoja mwenye afya anaweza kununua nusu ya mashine.

Jana hapa Ngaramtoni tulikuwa tunachangia mashine ya oksijeni ya hospitali ya watoto. Iliyopo ni moja, na watoto wanapokezana. Jogoo alikuwa ameshauzwa mara tatu, ndipo mgeni rasmi akamnunua, akamshika miguu na kumtia kwenye buti la gari lake.

"Mama watoto atafurahi kweli!" akasema, akaondoka akitupungia mkono.

Mnada ukafa palepale. Tulibaki na mkungu wa ndizi, na nani anashindana kwa ajili ya ndizi?

Mama Eliaika, mwenyekiti wetu, akanigeukia. "Mwalimu, umetueleza oksijeni ilivyogunduliwa kwa nusu saa nzima. Hili la jogoo ndilo lililokushinda?"

Lilinishinda. Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Nilidhani mtu mzima anajua tu, lakini mgeni katoka pwani, angejulia wapi...

Jumapili tunarudia mnada, na bila yule jogoo sioni tutakavyofika. Nawafikiria wale watoto wanaosubiri zamu ya kupumua.

Basi, mzee, acha kuandika. Mpigie mgeni simu sasa hivi, kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka.