Oliva, Umekimbia Hesabu Unazozijua

Mdogo wangu Oliva,

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira zitakuwa zimepungua. Simu yako umeizima wiki ya pili sasa, na mama kila nikimpigia ananiambia uko shambani unaamia ndege wasile mpunga. Haya. Basi naandika barua hii hadharani, waisome na wenzako wote wanaotaka kuacha shule kama wewe, maana najua hauko peke yako.

Ulisubiri niende Majengo kwenye kibanda changu cha kushonea, ukafunga begi lako hapa nyumbani Kawajense, ukapanda gari la kwenda kwa mama, Mamba. Juu ya cherehani ukaniachia kikaratasi: "Dada, hesabu zimenishinda. Naenda kulima na mama." Basi! Naishi na wewe tangu kidato cha kwanza, nakupikia, nakufulia sare ukiumwa, halafu unaniaga kwa mstari mmoja na nusu? Mwalimu wako wa darasa amenipigia: "Huyu mtoto anarudi au nimfute?" Nikasema anarudi. Amekushikia nafasi mpaka Jumatatu, baada ya hapo amesema nisimlaumu. Usinifanye mwongo.

Nimekasirika, Oliva. Nikipika nimekasirika, nikishona nimekasirika. Juzi nimeunga mkono wa kushoto kwenye bega la kulia kwa ajili yako.

Nakumbuka ulivyokuwa unasoma. Jioni unazunguka uani, daftari kifuani, macho umefumba, midomo inakwenda kama unasali rozari. Vichwa vya habari vyote kalamu nyekundu, na mistari miwili kwa rula. Mimi niliyeishia kidato cha pili nalishika daftari, nafuatisha kwa kidole Kiingereza nisichokielewa, na ukiruka neno moja nakurudisha mwanzo. Ukimaliza bila kukosea nakupigia makofi, majirani wasikie. Tulikuwa wajinga wawili, mmoja anakariri, mwingine anasimamia.

Na darasani ndiyo usiseme. Uliniambia mwenyewe kwamba mwalimu akiuliza "Nyie, mmeelewa?" mnaitikia wote "Ndiyooo!" Nikakuuliza, na wewe umeelewa? Ukasema, "Dada, ukinyoosha mkono wanakucheka." Wacheke! Ungesimama ukasema, mwalimu, nimekufuata mpaka mstari wa tatu, wa nne umenipotea. Akikupita, mfuate ofisini. Na kama ulipotelea kwenye hesabu za sehemu za darasa la tano, chukua kitabu cha darasa la tano usome, hata ukikifunika kwa gazeti kwa aibu. Mimi siwezi kutia kola kwenye shati ambalo mabega sijaunga, sasa wewe ulitaka kuweza vipi?

Lakini kilichonichoma ni karatasi yako ya mtihani, ile uliyoificha chini ya godoro. Nimeikuta nikianika godoro, nikaenda nayo kibandani. Mteja wangu mmoja ni mwalimu wa hesabu, alikuja kujaribu gauni, nikamwomba anisomee lile swali lenye duara. Akasema, "Ukilizunguka hili duara ni sentimita arobaini na nne. Wanataka kutoka katikati mpaka ukingoni ni ngapi." Nikamjibu huku pini ziko mdomoni, "Si unagawa kwa sita, unapunguza kidogo? Saba."

Akanitazama. "Saba ndiyo jibu. Nani kakufundisha?"

Nikamwambia, mwalimu, hiyo si ni sketi ya solo?

Sketi ya solo, Oliva! Ile inayokatwa duara, ambayo wewe mwenyewe ulikuwa unanikatia. Kiuno thelathini, unasema tano bila kushika kalamu, unapunguza robo inchi ya kushonea, unachora, unakata, na mteja anaondoka anajigeuzageuza. Kwenye mtihani, chini ya duara lilelile, umeandika kanuni uliyoikariri, ukaipigia mistari miwili myekundu, ukaacha nafasi nyingine yote tupu. Nililia palepale mbele ya mteja, na si kwa huzuni.

Hasira zenyewe mwanzoni zilikuwa juu yako. Halafu nikakumbuka siku uliyoshika chaki ya kitambaa ukauliza, "Dada, kwa nini sita? Kwa nini si tano, au nane?" Nami nikakujibu, "Kwa sababu nimesema. Toka hapo kwenye cherehani, nenda kasome." Kila ulipobaki mezani kwangu kupima na kuuliza, nilikufukuza ukasome. Kumbe ndipo ulipokuwa unasoma, na mimi nakutoa hapo nakurudisha uani ukaimbe. Hilo nimeshindwa kujisamehe.

Kwa hiyo ukirudi hatuimbi tena. Daftari utalifunga, utachukua karatasi tupu, utafanya swali moja mwenyewe mpaka mwisho. Ukikwama, utaweka alama pale pale ulipokwama, na kesho yake utampelekea mwalimu ile alama, si uso wa huruma. Halafu utakaa mbele yangu unieleze kwa Kiswahili, hata kwa Kipimbwe chetu ukitaka, huku nakata nguo. Nikisema sijaelewa, usininunie, rudia kwa njia nyingine, maana ukiweza kunielewesha mimi na kichwa hiki, hakuna mtihani utakaokutisha. Kiingereza chake tutakitafuta baadaye, tukishajua tunasema nini.

Mwambie mama atafute mtu mwingine wa kuamia ndege. Gari la kuja Mpanda linapita asubuhi, unalijua, ndilo hilohilo lililokupeleka ukinitoroka. Nauli nimeshampa dereva. Salamu zako ziko hapa mlangoni, uje uzichukue mwenyewe.

Yule mwalimu mteja wangu alitaka kunieleza kwa nini tunagawa kwa sita. Alishachukua na kalamu, nikamzuia. Miaka kumi na miwili nakata solo, na sijui. Kitambaa nilichokununulia cha sketi ya solo kiko mezani, sijakigusa. Uliniuliza swali zuri nikakufukuza, Oliva. Njoo sasa nikuulize mimi, unijibu.

Ni mimi dada yako, ambaye bado amekasirika.