Ukili Wako Umefika Ubaoni

Mama, shikamoo. Huku Gongo la Mboto mgongo unauma, lakini leo silalamiki. Nilikuwa napiga lipu nje ya darasa la fizikia. Mwalimu alikuwa anaeleza aina moja ya nusu-metali: viwango viwili vya nishati ya elektroni vinagusana kwenye nukta, na hata ukiibonyeza havitengani. Akauliza kwa nini.

Nikachungulia dirishani, mie niliyeishia la tano. "Ni kama ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mkeka, ulioungwa umejipinda. Uukandamize utakavyo, haunyooki mpaka uufumue."

"Fundi, rudi kwenye lipu yako," akasema mwanachuo mmoja.

"Wewe andika," mwalimu akamwambia. "Ndiyo hiyo."

Akauchora ubaoni. Ule ukili uliojipinda, ulionifumulisha utotoni huku nalia, wote wakaunakili. Mungu akutunzie macho, uendelee kusuka.

Mwanao, Hamisi