Kobe wa Mama Mkwe Amepasuka Gamba

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie upesi, maana hata patasi haikai mkononi. Mimi ni Albano, mchonga vinyago wa hapa Temeke, na mama mkwe wangu, Bi Demetria, alipokwenda Masasi kumwangalia binti yake aliyejifungua alituachia kobe wake wa maji, aliyemfuga miaka kumi na mmoja, akaniambia mie, siyo mke wangu, “Baba, nakukabidhi wewe,” nami nikamweka kwenye karai karibu na kazi yangu, basi juzi asubuhi kipande cha mpingo kikaniponyoka kikamwangukia, gamba likafanya ufa wa urefu wa kidole, damu ikatoka kidogo ikakata, na mke wangu Margareta akatoka mbio akiuliza, “Kuna nini?” nami kwa hofu nikasema, “Mbwa wa Marijani!” Margareta akaenda moja kwa moja kwa jirani yetu huyo akamtolea maneno mbele ya watu, naye Marijani, mtu mpole, akamfunga mbwa wake kamba, na tangu hapo hanisalimu. Kobe anakula dagaa kama kawaida. Nimewaza nimpige msasa, nizibe ufa kwa gundi, nimpake vanishi, mama akirudi mwisho wa mwezi asione kitu. Je, nitakuwa nimekosea?

Albano, Temeke

Marahaba, Albano. Weka msasa chini! Huyo si kinyago. Gamba ni mwili wake, lina uhai na linauma kama ukucha wako ukipondwa. Ukilipaka vanishi utafungia uchafu ndani, na mama mkwe atakuta kobe anang'aa juu, anaoza chini.

Pole lakini, ajali haina kinga, na anayekula dagaa bado yuko nasi. Chemsha maji, yapoe, umsafishe ufa taratibu kwa kitambaa laini. Nunua aidini duka la dawa, uizimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, umpake. Mweke kwenye sanduku safi, mahali pakavu, penye joto, pasipo jua kali. Kila siku mtie kwenye maji safi kama saa moja, anywe na ale, kisha mkaushe, umpake tena. Fanya hivyo mpaka ufa ukauke na kuwa mgumu. Ukiona harufu, ulaini au usaha, au damu ikirudi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Hilo ndilo jeraha dogo. Kubwa umemtia Marijani, na lile halina aidini. Mtu mzima mzima unamsingizia mbwa! Nenda kwake na Margareta, useme mbele ya walewale waliosikia matusi: “Ni mimi.” Halafu umwandikie mama mkwe mwenyewe, kwa mkono wako.

Wala usingoje kesho. Gazeti hili husomwa mpaka Masasi.